Mzee Maige Ajifunza Kushika Paka

Mzee Maige alikuwa mtu wa kuangusha fahali. Msidhani natia chumvi. Huko Samuye, enzi josho la kijiji likifanya kazi na ng'ombe wakipangwa mstari kuogeshwa dawa ya kupe, yeye ndiye aliyeitwa pale fahali anapogoma kutumbukia. Alimkamata pembe, akamkunja shingo, akamsukuma kwa bega, na fahali akaingia majini akikoroma kwa hasira. Sasa mtu wa namna hiyo, mvi zimemtoka mpaka masikioni, ukipita Shinyanga mjini unamkuta chumba cha nyuma cha duka la dawa za mifugo, kafunga aproni ya plastiki, anafundishwa na binti wa umri wa mjukuu wake namna ya kushika paka. Cheka, lakini cheka taratibu.

Hakufika hapo kwa kupenda. Fahali mmoja alimbana kwenye nguzo za zizi akamvunja nyonga, na tangu hapo akawa mtu wa kuchechemea. Mkewe, Scolastika, akafariki. Kisha malisho yakawa haba, na wanawe wakafanya kama walivyofanya Wasukuma wengi: waliswaga ng'ombe kuelekea Katavi, wakahamia huko na wake zao na watoto wao. Mzee asiyeweza kutembea na kundi angekwenda kufanya nini? Walimwambia watampigia simu. Walipiga kweli, siku mtandao ukipatikana, wakamweleza ng'ombe gani kazaa na yupi kafa, halafu simu ikakatika.

Akapanga chumba Ngokolo, mtaa wa hapo Shinyanga mjini. Wapangaji wenzake walikuwa vijana, wengine wa bodaboda, wengine wa kwenda na kurudi kwenye machimbo ya Geita, na wote walikuwa na adabu. Kila asubuhi shikamoo mzee, kila jioni shikamoo mzee, naye akijibu marahaba mpaka koo linakauka. Shikamoo hazikumpungukia. Kilichompungukia ni mtu wa kukaa naye baada ya marahaba. Ilifika mahali akawa anachelewesha kununua chumvi ili apate sababu ya kwenda dukani tena kesho yake. Upweke ni kitu kibaya, jamani, na wanaosema ni raha ya kutulia hawajawahi kula ugali peke yao mwaka mzima.

Aliyemwokota ni daktari wa mifugo aliyekuwa akija Samuye kuchanja ng'ombe, Daktari Bartholomeo. Alikuwa na duka la dawa mjini, na nyuma yake chumba cha kuogesha na kunyoa mbwa na paka wa wenye uwezo: wafanyabiashara wa Kihindi, wakubwa wa migodini, na walimu wawili watatu. Kazi ilizidi mikono. Akamwambia Maige aje kwa majaribio, na kwamba Rebeka ndiye atakayemfundisha na ndiye atakayesema kama anafaa kubaki.

Rebeka alikuwa binti wa Nkome, kwao ni wavuvi, ana cheti cha afya ya mifugo na mdomo usiopinda. Kila asubuhi alimwamkia kwa heshima zote, shikamoo baba, halafu akianza kazi heshima inabaki ileile ila huruma inaondoka. Watu wa dukani walimtania kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na huyu mzee amekwisha kaushwa. Rebeka akaendelea kunoa mikasi yake.

Siku ya kwanza kililetwa kimbwa cheupe cha Bwana Deepak wa duka la vipuri, kitu kidogo hivi, kina manyoya kuliko mwili. Maige alikibana kwapani kama ndama anayepigwa chapa, kichwa kakikandamiza kwa kiganja. Kimbwa kikatoa macho, kikajikojolea. Rebeka akaja, akamtoa mkono taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Baba," alisema, "huyu hashindani na wewe."

Maneno hayo yalimwingia kuliko somo lolote. Maisha yake yote mnyama alikuwa mtu wa kushindana naye. Akaanza upya, na uzee wake wote. Alijifunza kumpa mnyama mkono aunuse kabla ya kumgusa. Alijifunza kumbeba kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua na mmoja chini ya makalio, ili mgongo usining'inie. Manyoya huchanwa kabla ya maji, kwa sababu fundo likilowa hukaza, na fundo la paka halikatwi kwa mkasi hata siku moja, maana ngozi yake ni nyembamba na huvutika pamoja na nywele. Linafumuliwa kwa vidole na chanuo, hata likichukua asubuhi nzima. Maji hupimwa kwa kiwiko. Kucha hukatwa ncha tu, kwa sababu ndani yake kuna mshipa, na ukiugusa utaona damu na meno kwa pamoja. Na mnyama hageuziwi mgongo akiwa mezani, hata ukiitwa na nani.

Kilichomshangaza yeye mwenyewe ni jinsi alivyopenda kazi hiyo. Alikuwa hajashika kiumbe chenye joto tangu Scolastika aondoke. Rebeka alimwonyesha dalili za hofu, sikio linalolala, mkia unaopigapiga, ulimi unaolamba pua bila sababu, na akamwambia ukiona hivyo simama, ngoja. Kungoja alikujua. Huo ndio ulikuwa ujuzi wake mkubwa kwa miaka ile, na sasa ukapata pa kutumika.

Halafu akaja Mama Shaheen.

Jina lake ni Parvin, mjane wa marehemu Fazal aliyekuwa na duka la vitambaa karibu na soko. Bintiye Shaheen yuko Kanada, na alipoondoka alimwachia mama yake paka wa manyoya marefu, mweupe pepepe, jina lake Malai, yaani utando wa maziwa. Mama mwenyewe vidole vilikuwa vimeanza kukakamaa, hawezi kushika chanuo. Kwa hiyo kila Ijumaa asubuhi alikuja na kikapu, akakaa kwenye benchi, akangoja paka achanwe.

Ijumaa ya kwanza aliingia, akamtazama Maige, akasikia anavyotamka Kiswahili, akasema:

"Mwangaluka, baba."

Hiyo ni salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na chanuo lilimponyoka mzee wa watu. Hakikuwa Kisukuma cha kujifunza kitabuni, wala cha kubahatisha cha wauza duka. Kilikuwa Kisukuma cha vijijini, cha zamani, chenye maneno ambayo hata Makoye na Luka, wanawe Maige, hawayajui. Baba yake Parvin alikuwa akinunua pamba huko Samuye na vijiji vya jirani, naye alikulia juu ya marobota, akicheza na watoto wa wakulima. Aliimba na nyimbo za ushindani za Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, akashika upande kabisa, na Maige akagundua kwa kicheko kwamba huyu mama ni mpinzani wake. Tangu Fazal afariki na wateja wa zamani waishe mmoja mmoja, alisema, lugha hiyo ilikuwa imelala mdomoni mwake haina wa kuiamsha.

Basi ikawa hivyo. Juma zima Maige akijibu marahaba, na Ijumaa akiongea. Mama Shaheen alikuja na chupa ya chai ya maziwa yenye tangawizi na bhajia kwenye karatasi. Maige akimletea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ambavyo mama huyo alidai hajavila tangu utotoni. Malai akalala mezani kajinyoosha, anachanwa, na wazee wawili wakabishana kuhusu mvua za mwaka gani ziliharibu pamba. Rebeka aliwaacha. Alijua kazi ya nusu saa inakula asubuhi nzima, akafanya kama haoni.

Sasa sikilizeni ilivyoharibika.

Malai alipata viroboto. Mama Shaheen alianza kuja na mikono ina vipele, akisema wadudu hao wamemfuata hadi kwenye mswala. Shaheen akaona vipele hivyo kwenye simu ya video, akawaka: mama hana nguvu, mama atapata maradhi, paka aondoke. Akamtafuta ndugu wa Mwanza aje amchukue. Mama Shaheen alibembeleza, akapewa muda. Viroboto wakiisha, paka atabaki. Alimweleza Maige hayo yote kwa Kisukuma, macho kayashusha kwenye kikapu. Na Maige, ambaye si mjinga, akapiga hesabu yake kimoyomoyo. Paka akienda Mwanza, Ijumaa nazo zimekwenda Mwanza.

Rebeka alikuwa anakwenda kwao Nkome kwenye msiba wa shangazi yake. Kabla ya kuondoka alimwambia Maige wazi: dawa ya viroboto ya paka imekwisha, atapitia kuichukua Mwanza akirudi. Ijumaa hii amchane tu kwa kitana cha meno membamba, asimtie kitu kingine chochote. Maige akaitika.

Ijumaa ikafika. Mama Shaheen aliingia bila chupa ya chai. Ndugu wa Mwanza anakuja kesho kutwa, alisema, Shaheen amekata shauri, na viroboto bado wapo. Akamweka Malai mezani, akakaa, akajifunika uso kwa upande wa mtandio.

Ndugu zangu, mfugaji wa Kisukuma akiona mdudu kwenye mnyama huwaza kitu kimoja tu. Josho ndilo lililookoa kundi la Maige mwaka wa ndigana, ile homa ya kupe, wakati majirani wasioogesha walizika ng'ombe mpaka wakachoka kuchimba. Kwake yeye mnyama mwenye mdudu asiyetiwa dawa ni mnyama aliyetupwa. Na dawa yenyewe ipo, rafuni, chumba cha mbele. Rebeka mwenyewe huitumia kwa mbwa wa walinzi, kidogo, kwa kipimo chake. Amemwona kwa macho yake. Kama mbwa anavumilia, paka je, ukipunguza? Kuuliza si ujinga, lakini wa kuulizwa alikuwa Nkome, simu yake haipatikani, na daktari alikuwa Kizumbi kwenye zizi la mtu. Na kweli ni kwamba hakutaka kuuliza. Alijua angeambiwa hapana.

Akamwambia Mama Shaheen asilie, atamwogesha Malai leo na viroboto watakwisha. Hakumwambia kwa dawa gani. Mama naye hakuuliza, maana alikuwa amekwisha kumwamini. Maige akapima nusu ya kipimo cha mbwa, akaona ni nyingi, akapunguza tena kwa huruma. Maji akayapima kwa kiwiko. Pamba akaiweka masikioni. Alimshika yule paka kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, hakumbana, hakumtisha, na Malai akaoshwa bila kutoa hata ukucha. Rebeka angekuwepo angemsifu, isipokuwa kwa kile kilichokuwa ndani ya beseni.

Viroboto wakaanza kuanguka kwenye taulo, wamekufa. Mama Shaheen akawaona, akacheka huku machozi bado yako shavuni. Akamtuma kijana wa dukani alete chai. Wakaongea siku hiyo kuliko siku zote, akamweleza jinsi Fazal alivyomposa, na Maige akamweleza jinsi Scolastika alivyokuwa akimkaripia ng'ombe kwa jina la mama mkwe wake. Malai alikaa mapajani mwa bibi yake akijilamba manyoya. Alijilamba mgongo, akajilamba miguu, akajilamba tumbo, nao wakiongea.

Maige ndiye aliyeona kwanza. Sikio la paka lilitikisika, likatikisika tena, peke yake. Kisha mate. Kisha ngozi yote ikaanza kutetema, na Malai alipojaribu kushuka mapajani miguu ya nyuma ilimkatalia, akaanguka ubavu.

Alimpigia daktari. Daktari akauliza paka kafanywa nini. Hapo ndipo mtu hupimwa. Mama Shaheen alikuwa amesimama ubavuni kwake, anasikia kila neno. Chupa ilikuwa imesharudi rafuni. Angesema sijui, nimemchana tu, nani angembishia? Maradhi huja yenyewe. Ijumaa zake zilikuwa pale mkononi, na neno moja tu lingezibakiza. Alimtazama Malai anavyotetemeka, akaona hana nafasi ya kuwaza zaidi.

"Nimemwogesha dawa ya josho," alisema. "Ile ya ng'ombe."

Daktari hakumtukana. Alimwambia amwoshe upya haraka, sabuni ya vyombo, maji ya uvuguvugu, mara kadhaa mpaka dawa itoke, kisha amfunge taulo kavu apate joto, na asimpe maziwa. Maige alipogeuka Mama Shaheen alikuwa ameshamimina maziwa kikombeni, maana kwetu kila mtu anaamini maziwa hukata sumu. Akakishika kile kikombe, akakiondoa mkononi mwake. Hakumtazama. Hakuweza. Akaosha, akasuuza, akaosha tena, huku yule mama ameshika taulo kavu.

Daktari alikuja na pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alimchoma Malai sindano ya kutuliza mitetemo, akamlaza chumba cha ndani. Siku mbili paka alikuwa si wa kufa si wa kupona, na Maige hakwenda Ngokolo ila kubadili shati. Mama Shaheen alikuja asubuhi na jioni. Aliongea na daktari. Siku ya tatu Malai alisimama, akanywa maji, akapiga miayo kama aliyetoka usingizini tu, na bibi yake akambeba kwenye kikapu akaondoka naye.

Rebeka aliporudi alishaambiwa yote. Maige alijua majaribio yake yamekwisha. Alikuwa ameshaikunja aproni akaiweka juu ya meza. Binti aliitazama ile aproni. Alikuwa na hasira, na hakuificha: nilikwambia umchane tu, baba, nilikwambia. Kisha akamwambia kwamba angesema hajui, daktari angetibu kitu kingine, na paka angekufa kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo atabaki. Atashika mbwa. Paka hatagusa mpaka yeye Rebeka atakaposema, na dawa ya rafuni asiguse kabisa. Maige alishukuru, na ilikuwa shukrani ya kweli, ila ndani haikumfikisha mbali. Kazi alikuwa ameipata. Si kazi tu aliyokuwa akiilinda.

Na viroboto? Walikwisha wote. Ndugu wa Mwanza aliambiwa asije, Shaheen akaridhika, Malai akabaki na mama yake.

Ijumaa iliyofuata kikapu hakikuja. Na iliyofuata tena. Maige akavumilia, akaogesha mbwa, akajibu marahaba. Mwishowe akaomba ruhusa, akavaa shati lake la kanisani, akafunga michembe kwenye kitambaa, akaenda mpaka nyumbani kwa Mama Shaheen, juu ya lile duka la zamani. Ngazi zilimtesa nyonga. Njia nzima alikuwa akipanga maneno yake kwa Kisukuma, maana kuna radhi ambayo kwa Kiswahili haitoki sawasawa.

Mama Shaheen alifungua mlango wa mbao, ule wa wavu akauacha umerudishwa. Maige akasema mwangaluka. Akasema yote aliyoyapanga, kichwa kakiinamisha. Alisema alimtaka Malai abaki. Akasema na lile alilokuwa hajamwambia mtu, kwamba hakuwa akimfikiria paka peke yake.

Mama alimsikiliza hadi mwisho. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimekusamehe, Mzee Maige," alisema. "Daktari ameniambia ulisema kweli upesi, ndiyo maana yu hai. Mungu akulipe kwa hilo. Lakini sitamleta tena."

Alisema kwa Kiswahili. Kiswahili safi, cha adabu, kile alichokuwa akikitumia dukani kwa mteja mgeni. Maige akamjibu kwa Kisukuma kwamba ameelewa, wabeja, yaani asante, na Mama Shaheen akasema karibu, kwa Kiswahili tena.

Hapo Malai akatokea. Alipenyeza mwili wake pale wavu ulipokuwa haujakaza, akaja moja kwa moja kwa Maige, akajisugua miguuni mwake, huku na huku, mkia juu. Yeye hakuwa na kinyongo. Paka hajui nani kampa sumu. Maige akaiweka mikono yake nyuma. Mama Shaheen akainama kwa taabu, akamwokota, akapokea na ile michembe kwa mkono mwingine, maana kukataa chakula cha mtu si uungwana, akashukuru, akafunga wavu, akafunga na mlango.

Maige alibaki pale kibarazani. Ndani akamsikia akimwambia paka wake kwa Kisukuma, kile cha zamani, kwamba maziwa yake yamepoa sasa, aje anywe. Alisikiliza mpaka sauti ikaishia jikoni, ndipo akaanza kuteremka zile ngazi.